Auleria Amerudi

Siku ya Jumapili, nyumba ya Bwana Projestus ilikuwa inanukia ndizi. Alikaa Temeke, katika nyumba mpya za serikali, mlango wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa karani mjini. Kila asubuhi alipanda baiskeli yake, kaptura imepigwa pasi vizuri. Mke wake, Felicitas, alishona nguo za watoto. Wote wawili walitoka Bukoba.

Walikuwa na watoto wawili. Mkubwa alikuwa Auleria, msichana wa miaka minne na nusu. Mdogo alikuwa Kornelio. Mwaka huo wa 1954 Kornelio hakuwa ametimiza mwaka mmoja.

Mimi ni mwalimu wa shule. Jioni nawafundisha watu wazima kusoma, na Felicitas alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu. Mambo haya mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine Felicitas alinisimulia. Aliniambia niandike yote, hata yale yanayomtia haya. Basi nami nitaandika yangu yanayonitia haya.

Kornelio alikuwa mtoto mtulivu. Ukimlaza, analala. Ukimpa mgeni ambebe, anamtazama kidogo, kisha anacheka. Auleria hakuwa hivyo hata siku moja. Tangu alipozaliwa alilia kwa nguvu. Maji ya kuoga yakiwa ya baridi kidogo, mtaa mzima tulijua. Akifurahi, aliruka. Akikasirika, alijitupa chini. Akianza mchezo, hakutaka kuuacha.

Watoto hao walitoka tumbo moja. Walinyonya ziwa moja. Msomaji, kumbuka hilo.

Jumapili moja, baada ya misa, wageni walifika. Walikuwa watu wa Bukoba, pamoja na Mzee Didas, mkubwa wa chama chao. Nami nilialikwa. Kwa Wahaya, mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna. Ni buni zilizochemshwa na kukaushwa. Huletwa katika bakuli dogo, na mtoto wa kike hupiga magoti, akaamkia, akatoa. Ni desturi nzuri. Mimi naipenda.

Auleria alikuwa uani. Alikuwa anajenga nyumba ya udongo tangu asubuhi. Kuta tatu zilikuwa zimesimama.

"Auleria!" baba yake aliita. "Njoo uamkie wageni!"

Mtoto hakuja. Projestus akatoka, akamshika mkono, akamvuta. Nyumba ya udongo ilikanyagwa. Mtoto akaingizwa sebuleni na matope yake, analia, anatetemeka.

"Piga magoti. Toa kahawa. Upesi!"

Bakuli likawekwa mikononi mwake. Auleria akalitupa. Buni zikaruka kila mahali. Moja ilimpiga Mzee Didas kwenye miwani.

 Mzee Didas akafuta miwani yake, akasema, "Auleria amerudi."

Wote wakacheka. Nami nilicheka. Naona haya kuandika hivyo, lakini nilicheka.

Sasa nieleze kicheko hicho kilihusu nini. Projestus alikuwa na dada mkubwa aliyeitwa Auleria. Dada huyo aliolewa, akakimbia ndoa, akavuka mpaka, akafia mbali. Hakuna ndugu aliyemzika. Projestus alipopata binti, alimpa jina la dada yake ili jina lisipotee. Hapo hakuna ubaya. Makabila mengi hufanya hivyo.

Lakini tazama watu walivyofanya na jina hilo! Walimpa mtoto jina, kisha wakampa na aibu iliyofuatana nalo. Akilia usiku, walisema, "Ni shangazi huyo." Akikataa uji, "Damu ya shangazi." Akikimbia, "Anamfuata shangazi." Mtoto wa miaka minne! Hajui ndoa ni nini. Hajui mpaka uko wapi. Anaadhibiwa kwa ndoa ya mwanamke ambaye hajamwona hata kwa picha. Ingekuwa mahakamani, hakimu angeifukuza kesi hiyo. Lakini nyumbani kwetu hakuna hakimu. Baba ana mkanda, basi.

Projestus alivua mkanda siku ile ile. Nilisikia yote. Sikwenda kubisha hodi. Nilikwenda kwangu nikasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Kesho yake tulikutana bombani.

"Mwalimu, samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Mama yangu hakuwa na mchezo. Mimi nilikuwa mtoto mtiifu kwa sababu ya fimbo. Nimeamua. Mwezi wa nane nitampeleka Auleria kwa mama yangu Bukoba. Atamnyoosha. Nimeshaandika barua."

"Na Mama Auleria anasemaje?"

"Mama Auleria analia. Atanyamaza."

Barua ilikwenda kwa treni mpaka Mwanza, kisha kwa meli ya ziwani. Kabla ya mwezi wa nane zilibaki wiki sita. Baada ya hapo, mtoto angetengwa na mama yake, na njia ya kwenda kumwona ilikuwa ya siku nyingi.

Wiki hizo Auleria hakutulia. Alizidi. Alianza tena kukojoa kitandani. Alimng'ata Kornelio mkononi. Kila mara alitoroka kwenda kwenye duka la pembeni, duka la Saifuddin na mkewe Maryambai. Felicitas aliogopa. Kornelio alikuwa anakohoa, moto uko jikoni, na mkubwa haonekani. Basi akafanya jambo ambalo ameniomba nisilifiche.

Asubuhi moja jirani aliingia kumwona Kornelio. Jina lake Atuganile, mtu wa Tukuyu. Alifanya kazi kwenye kliniki ya akina mama na watoto. Kazi yake ilikuwa kupima watoto uzito na kuwafundisha mama zao. Aliingia chumbani akasimama. Auleria alikuwa ameketi sakafuni. Mguu wake ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu kwenye tendegu la kitanda.

"Mama Auleria," Atuganile alisema, "siku hizi mnafuga mbuzi ndani?"

Felicitas alianza kulia. "Nifanyeje, dada? Nina mgonjwa, nina jiko, na huyu anatoroka. Ana damu ya shangazi yake. Naye alikuwaga anatoroka hivi hivi."

"Wewe ulimwona huyo shangazi?"

"Sikumwona. Wanasema."

 Atuganile alipiga magoti, akafungua kile kitambaa. Auleria akampiga kofi la uso.

Felicitas akainua mkono. Atuganile akamzuia. Akaushika mkono mdogo wa mtoto, taratibu lakini barabara.

"Una hasira," alimwambia Auleria. "Naiona. Hata mie ningekuwa nayo. Lakini kupiga sitaki."

 Aliketi sakafuni na mtoto. Mtoto alilia, akapiga miguu, akalia tena. Atuganile alingoja. Muda ulipita mrefu, chungu kikaungua jikoni. Mwisho Auleria akavuta pumzi ndefu, akalaza kichwa kwenye paja la Atuganile.

"Hujamchapa, na amenyamaza," Felicitas alisema polepole.

"Amechoka kuwa peke yake na hasira yake. Mtu mzima akikaa naye kwa utulivu, anajifunza utulivu. Akikaa naye kwa mkanda, anajifunza mkanda. Hebu niambie, nani kamfundisha kumng'ata Kornelio?"

"Hakuna aliyemfundisha!"

"Nyie mmemfundisha. Mmemwonyesha kila siku kwamba mwenye hasira humuumiza mdogo wake. Baba anakasirika, anampiga yeye. Yeye anakasirika, anamng'ata Kornelio. Huyu mtoto si mjinga. Ameelewa somo."

Felicitas alijifuta machozi. "Lakini mbona Kornelio si mkali? Ni watoto wangu wote wawili."

"Sasa umeuliza swali la maana," Atuganile alisema. "Mtoto anazaliwa na hulka yake. Mmoja mtulivu, mmoja mwoga, mmoja moto. Mie nimepima watoto wa Kizaramo, wa Kihindi, wa Kinyakyusa, wa Kingoni. Kila kabila lina mtoto moto. Hakuchagua, wala nyie hamkumfanya hivyo, wala si mzimu wa mtu. Hulka huiondoi kwa kiboko. Ila tabia, hiyo inatokana na malezi. Mtoto moto akilelewa kwa vipigo na kuitwa mbaya, anakuwa mbaya kweli. Akilelewa kwa upole na msimamo, moto ule ule unapika chakula."

"Kwetu msichana mwenye sauti hivi ni aibu."

"Najua. Kwenu msichana mzuri ni yule asiyesikika. Kwetu Tukuyu, mwenye sauti kama hii anapelekwa shambani kuamia ndege, kuwafukuza wasile mazao. Bibi yangu angemshukuru Mungu. Sisemi desturi yenu mbaya. Nasema mtoto huyu mnamtaka kitu kigumu kwake, na Kornelio mtamtaka kile kile na kwake kitakuwa rahisi. Basi mkubwa anahitaji msaada zaidi, si adhabu zaidi. Haya, twende dukani. Nataka kujua anafuata nini huko."

Wakaenda, Auleria katikati yao. Maryambai alikuwa nyuma ya meza, anapima sukari. Alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilitushinda sote.

"Anafuata nini?" Maryambai alishangaa. "Anakuja kupanga vibiriti! Hebu tazama rafu ile. Safu zote zimenyooka. Hajaniharibia hata kimoja."

"Huyu?" Felicitas aliuliza.

"Huyu huyu. Fatema wangu alikuwa hivi hivi. Alirusha chapati ukutani, mama mkwe wangu akasema mtoto ana jini. Saifuddin akasema, mtoto ana mikono, mpeni kazi. Tukampa vifungo avitenge kwa rangi. Leo ana miaka kumi, na mteja hawezi kumpunja. Kwetu sie wafanyabiashara, mtoto mwenye sauti hatumwonei haya. Tunamweka dukani."

"Na wakati wa kurudi nyumbani hakusumbui?" Felicitas aliuliza.

"Kwa nini anisumbue? Namwambia mapema. 'Auleria, ukimaliza safu hii, unakwenda kwa mama.' Anamaliza, anakwenda."

"Bila kulia?"

"Kama simwambii mapema, analia. Hata mie ukininyang'anya mizani katikati ya kupima nitalia."

Felicitas alisimama pale muda mrefu akizitazama zile safu za vibiriti. Aliniambia baadaye kwamba aliona uchungu kuliko siku ya kujifungua. Mwanawe alikuwa mtoto mwema kila siku, nyumba ya nne kutoka kwake, na yeye hakujua.

Njiani Atuganile alimweleza mengine. Amri ziwe chache. Kila amri iwe fupi, na ukishaitoa usiigeuze. Akifanya vizuri mwambie, maana mpaka sasa alikuwa anatazamwa akikosea tu. Akikasirika mzuie asiumize mtu, kisha ngoja naye. "Na jina la shangazi lisiwe tusi," alisema. "Mtoto akiambiwa kila siku kwamba yeye ni mtoro, siku moja atawaamini."

Siku ya kwanza ilishindikana. Felicitas alisema, "Ukimaliza kupanga vijiti hivi, tunaoga." Auleria alimaliza vijiti, akakataa kuoga, akapindua ndoo. Felicitas aliinua mkono. Akaushusha. Akaketi kwenye maji yaliyomwagika, akalia na mwanawe. Siku ya pili ilikuwa vile vile. Siku ya tano Auleria alimaliza vijiti, akanuna, akaenda mwenyewe kwenye ndoo. Wiki ya tatu kitanda kilikuwa kikavu. Kornelio alipokohoa, Auleria ndiye aliyemletea mama yake kikombe cha maji. Mara moja moja bado alijitupa chini. Lakini hakung'ata tena.

Projestus aliona, akakasirika. Nilimsikia mpaka kwangu.

"Nyumba yangu sasa inaongozwa na Mnyakyusa na Mhindi? Mama yangu atafanya mnayoshindwa! Barua imeshakwenda!"

"Basi nitakwenda naye," Felicitas alijibu. "Mie, Auleria na Kornelio. Utapika ndizi zako mwenyewe."

Hakuwahi kumjibu mume wake hivyo. 

Wiki ya tano barua ilifika kutoka Bukoba. Watu wa kwao wana mazoea. Barua ya nyumbani haisomwi na mtu peke yake. Inasomwa mbele ya wote. Projestus aliiweka mfukoni bila kuifungua mpaka Jumapili, wageni walipokuja. Alitaka wote wasikie mama yake akimuunga mkono. Alisimama, akaifungua, akasoma kwa sauti ya kanisani.

"'Mwanangu Projestus, salaam nyingi. Sisi hatujambo. Migomba haijambo. Barua yako nimesomewa na katekista. Nilimwomba aisome mara mbili, kwa maana nilidhani masikio yangu yamezeeka...'"

Akasita. Macho yake yakaenda mbele, midomo ikafungika. Akaikunja barua.

"Anawasalimu wote," alisema. "Basi, tunywe chai."

"Lete," Felicitas alisema.

"Mama Auleria, nimesema..."

"Lete barua. Nimesoma shule ya jioni mwaka mzima. Lete."

Akaichukua. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama nilivyomfundisha. 

"'Unasema mtoto ana ukali wa dada yako. Nani amekuambia uongo huu? Dada yako alipoolewa, wewe ulikuwa unanyonya. Ungejuaje? Auleria wangu alikuwa mpole kuliko watoto wote niliozaa. Alipiga magoti kabla hajaambiwa. Hakusema hapana hata siku moja. Mume wake alimvunja mkono, akaja nyumbani. Sisi tukamrudisha. Alivunjwa meno, akaja. Tukamrudisha tena. Mara ya tatu hakuja kwetu. Kosa ni letu. Si la damu yake.'"

 Mzee Didas alitazama chini. Baadaye alikiri kwamba alikuwa mmoja wa watu walioketi siku ile walipomrudisha. Yeye alijua! Miaka yote alijua, na bado alilifanya jina hilo mzaha wa kuchekea kahawa. 

"'Aliyejitupa chini ni wewe, Projestus. Aliyekataa uji ni wewe. Katekista anayeniandikia ana alama ya meno yako mkononi mpaka leo, naye anakusalimu. Baba yako alitaka kukupiga. Nilikataa. Nilikupa kazi ya kuwapelekea mbuzi maganda ya ndizi. Ulikwenda na kurudi mpaka hasira ikaisha. Mtoto usimlete ili nimnyooshe. Mlete nimwone. Wala msimfundishe kuogopa kusema hapana. Mmoja wetu alilihitaji neno hilo, na hatukumpa.'"

Hapo barua iliisha. Hakuna aliyecheka Jumapili ile.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Auleria akaingia na bakuli la kahawa. Mama yake alikuwa amemwambia mapema: ukimaliza ukuta wa nne, uje na kahawa. Matope yalimfika viwikoni. Alipiga goti moja, kwa sababu bakuli lilikuwa limejaa, akasema kwa sauti ya kuamia ndege, "Shikamooni!"

"Marahaba," tulijibu.

Akampa Mzee Didas. Akanipa mimi. Alipofika kwa baba yake alisimama mbali, akanyoosha mkono kadiri ulivyofika, macho yake kwenye mkanda wa kiunoni. Projestus aliyaona macho hayo. Akainuka kwenye kiti, akachuchumaa mpaka wakawa sawa, akachukua buni moja.

"Ahsante, mwanangu. Umemaliza ukuta?"

"Nimemaliza."

"Umejenga nini?"

"Nyumba ya shangazi Auleria," mtoto alisema. "Mlisema amerudi. Na hana pa kulala."

 Projestus alimchukua mwanawe mikononi, matope na yote, akatoka naye uani. Tulimwona kupitia mlangoni amepiga magoti kwa kaptura yake ya Jumapili. Alikuwa anauliza mlango wa nyumba uwekwe upande gani.

Mwezi wa nane walisafiri wote wanne, wakarudi wote wanne. Leo Auleria yuko shuleni kwangu. Sauti yake bado haijapungua. Juzi mvulana mkubwa alimnyang'anya mwenzake kalamu. Auleria alisimama mbele yake, mikono nyuma, akasema, "Hapana. Mrudishie." Hakupiga. Alingoja tu mpaka kalamu ikarudi.

Nilikuwa nimeshika fimbo mkononi, tayari kuingilia. Nikaiweka juu ya kabati. Bado iko huko, na vumbi lake.